Mbwa wa Mke Wangu

Mke wangu hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la miwa huko tambarare, ambako baba yake, mtu wa Singida, alikuwa mkata miwa. Nilimwoa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nikamleta Uru kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloacha marehemu baba. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na mama, katikati ya migomba na kahawa. Nyumba ya mama ilikuwa karibu sana na yetu. Kila kilichofanyika kwangu mama alikiona, na asichokiona alikisikia.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Naandika kwa sababu watu wamesimulia habari za mbwa wa mke wangu kwa namna yao, na nyingi si kweli.

Kwetu mbwa alikuwa mlinzi na paka alikuwa wa panya. Mbwa hakuingia ndani. Paka hakuitwa wala hakufukuzwa, alikaa darini juu ya ng'ombe, kwenye mahindi, akashuka wakati wa kukamua. Hakuna aliyewafikiria zaidi ya hapo. Mke wangu aliwafikiria, na sikujua alianza lini. Aliniambia kambini kwao walikuwa wanalala chumba kimoja, watoto sita na mbwa, na mbwa ndiye aliyekuwa na joto.

Jambo la kwanza lilikuwa la mfereji. Maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu. Kila kihamba kina siku yake na saa zake, na mwenye zamu huenda juu kuyafungua yaingie kwake. Zamani, paka akizaa watoto wengi kuliko wanaohitajika, waliwekwa kwenye ganda la mgomba wakaachwa wachukuliwe na maji. Nilifanya hivyo mara nyingi nikiwa mtoto, mama alinituma. Sikuona vibaya, nilikuwa naona kama kutupa maganda ya ndizi.

Basi asubuhi moja, zamu yetu, mke wangu alikwenda kufungua maji akarudi na ganda la mgomba kifuani. Ndani mlikuwa na watoto watatu wa paka. Wawili walikuwa wamekufa.

"Maji yetu yameleta hiki," alisema, akaonyesha yule mmoja.

"Kirudishe," mama alisema.

"Nikirudishe kwa nani, mama? Kwa wa juu au kwa wa chini?"

Yule paka akakaa. Alikuwa wa kijivu, na siku nilizopulizia kahawa mrututu, ile dawa ya buluu, alipita chini ya miti akatoka na miguu ya buluu, akalala hivyo hivyo kwenye kanga za mke wangu. Kanga zote zilikuwa na alama za buluu.

Watu wa juu walipojua kwamba kuna mtu anaokota, wakawa wanangoja zamu yetu ndipo waachie. Siwadanganyi. Siku za watu wengine mfereji ulishuka na majani tu. Siku yetu ulishuka na paka. Jirani mmoja alimtania mke wangu njiani, "Shemeji, leo nimekutumia wawili, umewapata?" Naye akajibu, "Nimempata mmoja, mwingine amesema anarudi kwako kudai matunzo." Watu walicheka siku nzima.

Hakuwaweka wote. Alikuwa akishuka mjini Jumanne na Ijumaa na ndizi kichwani, akiuza nyumba kwa nyumba pale mtaa wa Soweto, na wateja wake walikuwa na panya kama watu wote. Aliwachukua watoto wa paka ndani ya kikapu, wamefunikwa kwa majani ya mgomba, akauza ndizi na kutoa paka bure.

Hukohuko Soweto ndiko alikotoka mbwa. Alikuwa mdogo, jike, rangi ya udongo, mgongo umeungua kwa maji ya moto. Mke wangu alisema hakumchukua, mbwa ndiye aliyemfuata. Alimfuata kutoka mjini mpaka kwetu, kupanda mlima wote ule, kwa mguu. Nilipomwona nilisema apigwe jiwe arudi. Mke wangu aliweka kikapu chini akasema, "Mpige wewe. Mimi nimechoka." Sikumpiga. Yeye alimpaka samli mgongoni, samli ya kula, na mama akakaa siku tatu bila kusema naye. Manyoya hayakuota tena pale palipoungua. Pakabaki upara, na mvua ikinyesha alitafuta mahali pa kuficha mgongo tu, mwili mwingine aliuacha unyeshewe.

Nitaeleza habari ya nyama, maana hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Kwetu mnyama wa ukoo akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha baba, na wengine wote wana vyao, mpaka wake walioolewa wana fungu lao. Fungu ni heshima. Ukipewa unashika kwa mikono miwili. Sasa mke wangu alipewa fungu lake mbele ya wazee, akashika kwa mikono miwili vizuri kabisa, akashukuru, halafu akakata kipande akamrushia mbwa aliyekuwa amekaa mlangoni.

Baba mkubwa alisimama. "Nyama ya ukoo!" alisema. "Umempa mbwa nyama ya ukoo!"

"Nimempa ya kwangu, baba," mke wangu alisema. "Ya ukoo mnayo ninyi."

Alikuwa hajui. Kambini kwao nyama ikipatikana ilipikwa ikaliwa, haikuwa na ngazi. Wazee walikaa wakaamua apike pombe, madebe mawili ya mbege, waje wanywe yaishe. Alipika. Akamwaga machicha ya pombe nyuma ya nyumba kama inavyofanywa, mbwa akayala, na wazee walipofika kunywa faini walimkuta amelala katikati ya njia, miguu juu, hajiwezi. Walimruka mmoja mmoja. Baba mkubwa alikuwa wa mwisho, akasimama akamtazama, akasema, "Huyu ametutangulia." Yakaisha kweli.

Halafu ikaja miaka ya shida. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na aliyekuwa na ndugu upande wa Holili, mpakani, alipata vitu kwa njia ya porini. Tulikula unga wa njano. Mbwa naye alikula unga wa njano, na hilo liliwaudhi watu, nami liliniudhi. Mwanamke mmoja kisimani alimuuliza mke wangu, "Hivi kwenu mnakula sahani moja na mbwa?"

"Ndiyo," akasema, "ila mbwa ndiye ananawa kwanza."

Nyumbani hakucheka. Alipunguza ugali wake, siyo wa kwangu wala wa binti yetu, akampa mbwa. Nilimwona. Nilinyamaza kwa sababu ningesema ningelazimika kupunguza wa kwangu.

Aliugua tumbo mwaka ambao binti yetu alikwenda shule ya bweni. Wiki tatu alikuwa hospitali. Mimi nililala huko, kwenye nyasi za nje pamoja na watu wengine wenye wagonjwa. Siku moja aliniuliza, "Mbwa anakula?" Nikasema, "Anakula." Nilikuwa sijafika nyumbani siku nne, kwa hiyo sikujua. Akasema, "Usimwache." Kisha akauliza kama kahawa imeanza kuiva. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana. Siku iliyofuata hakuwa akisema vizuri, na iliyofuata alikufa.

Tulimzika kwenye kihamba, upande wa chini wa nyumba. Nilinyolewa nywele kama inavyotakiwa. Nilikaa na wanaume nje, nikapokea mikono ya pole. Nilingoja nilie, sikulia. Wazee walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukikaza.

Watu wanasema mbwa alilala juu ya kaburi siku saba hakula. Si kweli. Alilala mahali alipolala siku zote, kwenye majivu karibu na jiko la nje, na alikula kila alichopewa na wapishi wa msiba, tena alinenepa. Paka naye alikamata panya. Niliwatazama nikaona wako kama mimi, wanaendelea tu. Sikuwachukia kwa hilo, na sikuwapenda.

Binti alirudi shule. Nikabaki mimi, na mama kwenye nyumba yake, na mbwa aliyekuwa amezeeka, na yule paka wa kijivu. Niliamka, nilikamua, nilikata majani ya ng'ombe, nilipika ugali, nilimwaga sehemu ya mbwa kwenye kigae. Sikumwita, kwa sababu aliyekuwa akimwita ni mke wangu, kwa sauti yake, na mimi sikuwa na sauti ya kumwita. Alikuja akisikia kigae. Mtu akiniuliza habari za mbwa nilijibu, "Huyo ni wa mke wangu."

Msimu wa kuchuma, mbwa mwenye kichaa alimuuma mtoto katika kijiji cha juu. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akatangaza. Bwana mifugo atakuja Alhamisi, uwanja wa shule, mbwa wote wapelekwe kuchomwa sindano na kupewa kadi. Wiki mbili baadaye mgambo watapita, na mbwa asiye na kadi atapigwa risasi.

"Umesikia, ndugu?" balozi aliniuliza.

"Nimesikia."

Alhamisi nilikuwa kwenye kahawa, karibu na njia. Niliwaona majirani wakipita na mbwa wao, wamewafunga kamba za mgomba. Mbwa wa mlimani hawajui kamba, kwa hiyo wengine walivutwa, wengine walibebwa, na mmoja alikuwa ndiye anayemvuta mwenyewe, mzee akipiga kelele, "Polepole, mjukuu, sindano haikimbii!" Nilicheka kidogo. Nilisema moyoni, nikijaza kikapu hiki nitakwenda. Kikapu kikajaa. Nikaanza kingine. Mchana wakarudi na kadi zao. Mimi nilikuwa bado nachuma.

Sikusahau. Naandika hivi kwa sababu niliwaambia watu baadaye kwamba nilisahau. Nilijua siku, nilijua saa, uwanja wa shule uko karibu. Nilikaa tu.

Jioni mama alikuja akasimama mlangoni kwangu. Hakuwahi kumpenda mbwa yule hata siku moja. "Hukumpeleka," alisema.

"Sikumpeleka."

"Basi watampiga hapa uani, na wewe ndiye utakayemfukia. Mimi sitashika jembe."

Siku zilikwenda. Nilihesabu kama mtu anayehesabu za mwingine. Ikabaki siku tatu. Asubuhi ile nilimwaga ugali kwenye kigae, na mbwa alipoinama kula niliona mgongo wake, pale palipoungua, ngozi imekunjamana kama ya mtu. Nikafikiri juu ya samli ile. Sikupata uchungu. Ila nilikwenda kukata ganda la mgomba, nikalilowesha, nikasokota kamba, nikamfunga shingoni. Mjini kulikuwa na ofisi ya mifugo, na kama ningekwenda mimi mwenyewe huenda wangemchoma.

Kushuka hakukuwa kazi. Alijua njia kuliko nilivyodhani. Tulipokaribia Soweto alianza kuvuta upande wa nyumba za wateja wa mke wangu, na ikanibidi kukaza kamba. Mwanamke mmoja alitoka akasema, "Huyu si mbwa wa mama ndizi? Yeye haji siku hizi?" Nikasema haji. Nikaendelea.

Bwana mifugo wa pale ofisini alikuwa kijana, mtu wa mikoa mingine kwa lafudhi.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini hukumpeleka kule kwenu siku ya sindano?"

"Marahaba. Nilikaa tu."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikaa tu."

Alinitazama, akamtazama mbwa. "Na huyu bibi kizee, unamchanja ya nini? Si atakufa mwenyewe kesho kutwa?"

"Mchome tu, ndugu."

Alimchoma. Mbwa hakulia. Kisha akachukua kadi na kalamu. "Jina la mwenye mbwa?"

Nilitaja jina la mke wangu. Sikupanga. Aliniuliza mwenye mbwa ni nani, na nilijibu kama nilivyokuwa nikijibu siku zote. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana, herufi kubwakubwa, akagonga muhuri.

"Mwambie asimwogeshe siku tatu."

"Nitamwambia," nilisema.

Huo ulikuwa uongo. Lile jina halikuwa uongo.

Kupanda ndiko kulikuwa kazi. Njia ilipoanza kusimama wima mbwa alikaa chini, akakataa. Nilimvuta, nikamsukuma, mwishowe nikambeba mabegani, miguu miwili huku, miwili huku. Alikuwa mwepesi. Alinuka. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa duka walipiga kelele, "Mzee, mbwa amekulipa nauli?" Mwingine akasema, "Amemkodi!" Nilipita. Nilipumzika mara nyingi. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila nikiinama ilinichoma kifuani kwa pembe yake.

Siku ya mgambo tulianza kusikia milio ya bunduki tangu asubuhi, upande wa juu, mmoja, kimya, mwingine. Niliwafungia ng'ombe. Mbwa nilimfunga kwenye mti wa kahawa mbele ya nyumba, waone amefungwa. Mama alitoa kigoda akaketi mlangoni kwake, akatazama.

Walikuja watatu, mgambo wawili na balozi na daftari lake. Walimwamkia mama, akaitikia. Nilitoa kadi. Mgambo mmoja aliisoma, akampa balozi. Balozi aliisoma muda mrefu.

"Ndugu," alisema taratibu, "hili jina."

"Ndiyo."

"Huyu tulimzika. Mimi nilibeba jeneza."

"Ndiyo."

"Na muhuri huu ni wa juzi."

Mgambo wa pili, ambaye hakuwa mtu wa kitongoji chetu, alishusha bunduki begani. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Marehemu hafugi mbwa, baba," alisema. "Hii kadi haina mtu. Kama hana mwenyewe, amri tunayo. Huyu ni wa nani?"

Nilitaka kujibu kama siku zote. Mdomo ulifunguka ukabaki hivyo. Mbwa alikuwa amelala chini ya mti, hatazami mtu. Balozi alinitazama kwa macho ya kuniomba nimsaidie.

"Sema!" Mama alipiga kelele kutoka kwenye kigoda. "Sema ni wako! Unangoja nani aje aseme?"

"Ni wangu," nilisema.

"Tangu lini?" mgambo aliuliza.

"Tangu sasa."

Mgambo alimgeukia balozi. Balozi alichutama, akaweka kadi juu ya daftari, daftari juu ya goti. Sijui kama alikuwa na ruhusa ya kufanya vile, na sijawahi kumuuliza. Alitoa kalamu.

"Ngoja," nikasema.

Nilichukua kadi nikasoma jina lake. Majina mawili, lake na langu, yameandikwa na mtu asiyemjua, mwandiko mzuri. Nilikuwa sijaliona limeandikwa tangu siku tulipoweka msalaba kaburini. Nikairudisha. "Haya, andika."

Kalamu ilikataa. Aliipumulia, akaifikicha kwenye kiganja, akajaribu tena. Alipitisha mstari juu ya jina, wino ukakatika katikati, akaurudia. Akaandika la kwangu juu yake, mahali penye nafasi, akatia sahihi yake pembeni. Mgambo alisoma, akanirudishia kadi.

"Mfunge hivyohivyo mpaka tumalize kitongoji," alisema. Wakaenda kihamba kinachofuata.

Niliketi chini pale pale, kwenye majani ya kahawa, kadi mkononi. Mbwa alinyanyuka akasogea mpaka kamba ilipoishia, akakaa karibu nami bila kunigusa. Nilisikia mama akiinuka kwenye kigoda, akija polepole.

"Unalia?" aliuliza.

"Sijui," nikasema.

Aliinama akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nimeingiwa na kitu jichoni.

"Unalia," alisema.